Hapa palikuwa pa nani?

Swali la bibi halinitoki. Napanda nalo daladala asubuhi, nalala nalo. Wiki imekuwa na makubwa: jicho lake limefanyiwa upasuaji salama, mkataba wangu umeongezwa, mtoto wa dada kabatizwa. Hayo nitayasimulia siku nyingine. Leo ni hili tu.

Ilikuwa Jumapili baada ya chakula. Bibi alikuwa kwenye kochi, bandeji imeshatoka, anafurahia kuona kila kitu: nyufa za ukuta, maandishi ya kwenye mfuko wa unga, mvi zangu mbili tatu. Mimi nilikuwa ubavuni kwake na ile Nintendo Switch (kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu) aliyoniachia Elia, naanza mji mpya kwenye Cities: Skylines, gemu la kujenga mji. Mnaoucheza mnajua mwanzo wake. Unapewa ardhi tupu, mto, barabara kuu inayopita kando, na hela ya kuanzia. Unachora mitaa, unapaka rangi (kijani makazi, buluu maduka, njano viwanda), pampu ya maji unaiweka upande mto unakotokea na bomba la majitaka upande unakoelekea, kisha watu wanaanza kuhamia.

Bibi akasogeza uso. Nilikuwa napitisha barabara msituni, na barabara ikipita miti inatoweka. Haianguki, haina kishindo, wala hulipii kitu.

“Mama, hapa palikuwa pa nani?”

“Hapakuwa na mtu, bibi. Ni pori tu.”

“Pori la nani?”

“La kwenye gemu. Halina mwenyewe.”

Akaguna. “Hata sisi walisema hivyohivyo.”

Hakuwa na hasira. Aliitamka kwa sauti ileile anayoombea chumvi, na nadhani ndiyo maana imeniganda. Angefoka ningejua la kumjibu. Hata sisi. Ninyi mnaonifuatilia mnaijua habari ya shamba letu la upande wa Ihumwa, hapa Dodoma: jinsi familia ilivyohamishwa kwanza wakati wa Operesheni Dodoma, ile ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, halafu mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu ya nchi yahamie huku, na miaka baadaye bibi akaenda kupalilia mtama akakuta mawe ya bikoni, yale ya kuwekea mipaka ya viwanja, katikati ya matuta. Na mimi mjukuu wake nala kwa kuchora ramani za viwanja. Kazini kila siku nafungua ukurasa mweupe naanza kupiga mistari, na mti hauingii humo mpaka mwenye eneo autaje.

Pori la nani? Nimeshajaribu majibu mengi kichwani. Kwamba mji lazima ujengwe mahali fulani. Kwamba huo mchezo umetengenezwa Ufini, huko hawamjui bibi. Ulitoka kwenye Switch mwaka 2018, mwaka uleule Dodoma ilipotangazwa jiji, na siku ile mimi nilishangilia kwa moyo wote. Bado naupenda mji huu. Majibu yote ni ya kweli na hakuna hata moja ninaloweza kumwambia bibi usoni.

Sasa sikieni. Jana usiku kaniita mwenyewe: “Lete ule mji wako.” Nikauwasha. Akaweka kidole kwenye kioo. “Hii ipinde, ipite huku.” Nikaipinda, kundi zima la miti likabaki. Akauliza kisima kiko wapi. Nikamwonyesha mnara unaovuta maji ya chini ya ardhi, nikamweleza kwamba udongo ukichafuliwa na viwanda karibu yake, mji mzima unaugua. Bibi akanyooka kabisa. “Naam! Kwa hiyo hao wameelewa.” Akachagua mahali mbali na viwanda, kama visima vya Mzakwe vinavyotunywesha sisi vilivyo mbali na mjini. Nyumba za kwanza zilipoanza kuota akapiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Mtaa wa kwanza kaupa jina la mama yake mzazi, nami nikaliandika herufi kwa herufi, na linaonekana limetanda juu ya mapaa. Tulikaa mpaka chaji ikaisha. Sijamwona bibi akicheka vile tangu babu afariki.

Nilitaka kumpigia Elia nimsimulie. Simu inaita, hapokei, tangu juzi. Mara ya mwisho alisema kifua kinambana, na Mwanza anakaa peke yake. Kesho nikiamka namtafuta yule rafiki yake wa Nyegezi aende amwangalie.