Kumbukumbu ya mradi: Kumtafuta mama yake babu katika vitabu vya Rungwe

Awamu hii ya mradi wa kuandika mti wa ukoo wetu nimeielekeza kwa mtu mmoja, mama yake babu, kwa sababu wanaume wa ukoo wetu tayari wana karatasi za kutosha: stakabadhi za kodi, kipande cha babu, yaani kadi ya kazi ya enzi ya ukoloni, cha wakati alipofanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, na barua kutoka Afrika Kusini, ambako vijana wengi wa Unyakyusa walikwenda kufanya kazi migodini hadi uandikishaji huo uliposimamishwa baada ya uhuru. Mwanamke wa kizazi chake kwa kawaida hakupewa stakabadhi wala kipande, hivyo maandishi ya kumpata niliyatarajia kanisani.

Picha yake tunayo moja tu. Inatundikwa sebuleni kwa shangazi, Tukuyu, na kwa mji unaopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, si ajabu kwamba upande wake wa kushoto umegandamana na kioo cha fremu. Niliamua kutoibandua, kwa kuwa picha ya namna hiyo ikivutwa, tabaka lenye sura za watu hubaki kwenye kioo na karatasi hutoka tupu. Nimeiskani pamoja na kioo chake kwa doti 600 kwa inchi, na faili nimelihifadhi sehemu mbili tofauti. Ilipokuzwa, yalionekana mambo ambayo ukutani hayakuonekana kamwe: kola nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, mtoto aliyefichwa nusu nyuma ya gauni, na pembe ya ukuta wa matofali ya kuchoma.

Nilimwonyesha shangazi uso ule kwenye kompyuta. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Huyu bibi yangu alibatizwa wakati wa Waskoti, mwanangu." Sentensi hiyo ilinifaa kuliko tarehe yoyote niliyokuwa nikiibahatisha. Wamoravian Wajerumani, wamisionari wa kanisa la Kiprotestanti, walifungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, lakini katika Vita Kuu ya Kwanza wamisionari hao waliondolewa, na kazi yao ikaangaliwa na Waskoti, yaani wamisionari wa Scotland, waliotoka upande wa Nyasaland (Malawi ya leo), hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katika miaka ya 1920. Mzee asiyetaja mwaka anaweza kutaja zama, na zama hizo zina mipaka inayojulikana.

Kwa ruhusa ya kanisa nilipitia kitabu cha ubatizo, na mpaka huo niliuona kwa macho: mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ulioinama na wenye herufi zilizochongoka, unakoma, na mwandiko mwingine wa mviringo unaanza. Katika kurasa za mwandiko huo wa pili nilimkuta, jina la ubatizo likifuatwa na jina la nyumbani, jina la mumewe na la kijiji, ambacho ndicho kilichoandikwa pia kwenye stakabadhi ya zamani kuliko zote tulizo nazo. Nilifurahi mno, nikaomba kukaa na ukurasa ule kwa muda.

Tarehe iliyoandikwa pale ni ya ubatizo wa mtu mzima aliyekwisha kupita darasa la mafundisho, kwa hiyo kwenye mti wa ukoo nimeiandika hivyo hivyo na nafasi ya kuzaliwa nimeiacha wazi. Naona koo nyingi zinageuza tarehe ya ubatizo kuwa ya kuzaliwa, na kosa hilo huwasogeza wazee wote wa juu yake.

Kando ya jina lake limeandikwa jina la mwanamke aliyemsimamia. Shangazi analifahamu: ni la familia iliyohamia Kiwira, na anaamini kwamba ndiye aliyesimama kulia kwake katika picha. Nimeshachapisha nakala kubwa. Mvua zikipungua tutaipeleka kwao, ili tuwasikilize wazee wao na kuuliza kama nao wamehifadhi picha za wakati huo.