Fildi Pemba: jinsi nilivyopata nafasi ya ustawi na haki

Kwa wanaosoma ustawi wa jamii au sheria na wanahangaika na fildi (mafunzo ya vitendo ya chuo): yangu imepatikana, Chake Chake.

Barua ya chuo ilikuwa inapokelewa vizuri tu, inagongwa muhuri, kisha "tutakupigia". Simu hailii. Nilijaribu kupitia jamaa, nikapewa ofisi ambayo kazi yake ilikuwa kutoa fotokopi. Nikaiwacha.

Aliyenifungua macho ni msaidizi wa sheria wa shehia yetu. Alisema wenye ofisi hawakatai mwanafunzi, wanahofia mafaili. Kesi za watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011 zina usiri, na mwanafunzi mgeni akitoa jina nje, anayeulizwa ni afisa.

Basi nikaambatanisha karatasi moja nyuma ya barua. Juu, kazi ninazoweza kufanya bila kushika faili: kupokea wateja, kufuatana na afisa akienda majumbani, kujifunza kuandika ripoti ya kijamii ya mahkama (inayoeleza hali ya mtoto na familia yake) kwa kutumia mfano usio na majina. Katikati, ahadi ya kutunza siri, nimeitia saini kabla ya kuombwa. Chini, namba ya mwalimu wangu msimamizi (hii ndiyo waliyoiangalia kwanza!).

Nikaomba kuonana na afisa ustawi mwenyewe, si kuacha mapokezi. Alisoma ile karatasi, barua hata hakuifungua vizuri, akaniuliza naanza lini.

Nendeni mapema asubuhi, kabla hawajatoka kwenda mahkamani.