Macho ya Kuvizia
Somo: Marko 3:1–6

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Ni siku ya sabato, na ndani ya sinagogi yumo mtu aliyepooza mkono. Wamo pia watu wanaomvizia Yesu waone kama atamponya, wapate kumshitaki kwamba amefanya kazi siku ya mapumziko. Ajabu ni kwamba hawana shaka hata kidogo kuwa anaweza kuponya. Nguvu zake wanazijua, tena ndizo wanazozitegemea ili kesi ipatikane! Imani ya namna hiyo, kama ni imani, haikuwafaa kitu.

Kwao yule mgonjwa si ndugu, ni mtego. Yesu anawauliza kama ni halali siku ya sabato kutenda mema au mabaya, kuponya au kuua. Kimya. Anawakazia macho kwa hasira, na papo hapo anawahuzunikia. Mkono unanyoshwa, unakuwa mzima, na Marko hamtaji hata mmoja wao aliyefurahi. Wanatoka moja kwa moja kwenda kupanga na Maherodi, wafuasi wa Herode, jinsi ya kumwangamiza, sabato ileile waliyojifanya kuitetea.

Mtafuta makosa haangalii ili ajue. Hukumu anayo mfukoni, kilichobaki ni ushahidi. Ndiyo maana haridhiki: Yohana Mbatizaji alipojinyima, walisema ana pepo, Yesu alipokula na kunywa, wakamwita mlafi na mlevi (Luka 7:33–34). Siku hizi mtu hutoka ibadani akiwa na orodha ya maneno ambayo mhubiri aliteleza kuyatamka, lakini muulize fungu lilikuwa lipi, hana. Na bado tunamsifu kuwa yuko makini.

Sisemi tuufumbie macho uovu. Mathayo 18:15 inatutuma kwa ndugu aliyekosa, wewe na yeye peke yenu, na shabaha ni kumpata nduguyo. Anayevizia hataki kumpata mtu. Ndugu akitubu, yeye kesi imemponyoka. Hapo ndipo pa kujipima, nadhani. Tukisikia kwamba yule tuliyemsema ametengemaa, tunafurahi, au tunaanza kuchokonoa lingine?

Wiki hii, kabla ya kumsema mtu, tumtaje kwa jina mbele za Mungu, tumwombee palepale tunapomlaumu. Paulo anataka aliyeghafilika arejezwe kwa roho ya upole, huku kila mmoja akijiangalia nafsi yake (Wagalatia 6:1). Na ikiwa baada ya kuomba ulimi bado unatuwasha kwenda kulisimulia, tupige magoti tena, safari hii kwa ajili yetu wenyewe.