Soda za Ijumaa ndizo zilizouokoa mzunguko wetu wa padeli

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipotaka kuanzisha mashindano ya padeli ulikuwa huu: tafuta mdhamini kwanza, mengine yatafuata. Aliyenipa alikuwa na suti nzuri na hajawahi kuandaa hata bonanza la ofisini kwao. Nikamsikiliza. Miezi minne nikazunguka Dar na faili langu kwapani, nikinywa chai za ofisi za watu na kuulizwa swali lile lile: "Huo mchezo unaonyeshwa wapi?" Siku niliyochoka nililisukumia faili chini ya kitanda, nikaanza na kilichokuwepo: kundi la WhatsApp la watu mia na ushee, viwanja viwili hapa Dar, jamaa mwenye kiwanja Arusha, na hoteli moja Zanzibar ambayo kiwanja chake kilikuwa kinatumika kuanikia mashuka.

Watu wa tenisi wanapenda kutucheka kwamba padeli ni tenisi ya wavivu. Waache. Kiwanja ni mita 20 kwa 10, kimezungushiwa vioo na nyavu za chuma, mnacheza wawili kwa wawili, mpira unaanzishwa kwa mkono wa chini, na ukishadunda chini ukagonga kioo bado uko hai. Mmeksiko aliyeuanzisha mwaka 1969 kule Acapulco, Enrique Corcuera, alibanwa na kuta za nyumbani kwake, akaziingiza kwenye mchezo. Ndiyo maana mtu aliyeshika raketi leo anafurahia leo leo. Tatizo linaanza anapotaka kushindana, kwa sababu kila kiwanja kina bingwa wake na hakuna aliyewahi kukutana na mwenzake.

Shindano letu la kwanza nililipanga kwa mtoano. Jozi 16, ukifungwa umetoka, kama Kombe la Dunia likishapita makundi. Na kwa kuwa mwenye suti alinihakikishia kwamba hela ndiyo inayovuta watu, niliweka zawadi ya milioni moja na nusu, nyingi zikiwa zangu mwenyewe. Mke wangu mpaka leo haziiti hela, anaziita "lile friji".

Kufika saa tano asubuhi jozi nane zilikuwa zimeshatoka. Watu wamelipa kiingilio, wamecheza dakika arobaini, wamekaa kwenye viti vya plastiki wanakodolea simu, na biriani haijaiva. Jozi moja ilikuwa imetoka Arusha kwa basi, safari ya siku nzima. Wakapangiwa vijana wenye moto, wakamalizwa seti mbili kabla jasho halijawatoka. Mmoja wao akanijia, akaniuliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko tusi: "Kaka, basi la jioni la kurudi lipo?" Nilitamani kioo cha kiwanja kinimeze. Milioni na nusu ilibebwa na jamaa wawili ambao sikuwaona tena mpaka leo. Walikuja kama mvua ya mawe, wakapiga, wakapita.

Basi nikaachana kwa mpigo mmoja na fedha na mtoano wa tangu mechi ya kwanza. Jozi 16 nikazigawa makundi manne, kila jozi ina uhakika wa mechi tatu hata kama haijui kushika raketi. Hizo ni mechi 24 za makundi. Kwa viwanja viwili na nusu saa kila mechi unamaliza ndani ya saa sita, halafu robo fainali zinaanza jua likiwa limepoa. Ila nusu saa haitoshi kama gemu ikiwa sare ya 40-40 mnavutana mpaka mmoja atangulie kwa pointi mbili, kwa hiyo tukaingiza pointi ya dhahabu: ikifika 40-40 inachezwa moja tu, na wanaopokea ndio wanaochagua upande wa kupokelea. Mzee mmoja wa tenisi alisusa, akasema tunaua mchezo. Alirudi baada ya wiki mbili na akashinda mechi kwa pointi hiyo hiyo, akaruka kama mtoto.

Zawadi zikawa vinyago. Nilikwenda Mwenge kwa wachongaji, nikamwachia fundi raketi yangu ya zamani aifuate kwa mti wa mpingo, matundu na vyote. Zilinigharimu laki mbili na kitu kwa seti nzima, baada ya kubembelezana sana. Watu wanazigombea kuliko walivyogombea lile friji.

Kilichokaribia kuniua kabisa ni mamluki.

Tuligawa madaraja matatu: A kwa walioiva, B kwa wa katikati, C kwa wanaoanza. Mtu anajiandikisha mwenyewe kwa neno lake. Ujinga wangu huo. Shindano la pili, Daraja C, akatokea bwana mmoja amefunga bandeji gotini, anachechemea, anasema "mimi najifunza tu, daktari kaniambia nifanye mazoezi mepesi." Watu wakamwonea huruma, dada mmoja akampa kiti. Kuingia uwanjani, goti likapona. Alikuwa na sevu inayogonga kioo cha pembeni na kufia hapo, na kila mpira wa juu aliupokea kama mtu anayedaka embe. Akawapitia akina mama wawili waliokuwa na wiki ya tatu tangu waanze, seti 6-0, 6-0, halafu akaja kuomba barafu ya goti. Wale akina mama waliondoka kwenye kundi la WhatsApp usiku ule, mmoja baada ya mwingine, na ile "ametoka" nilihisi kama kofi.

Ushauri ukaanza kumiminika. Muunde kamati ya kupima viwango. Watu wajaze fomu. Nunua programu fulani inayokokotoa viwango, kwa dola. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza: mwongo akijaza fomu, anaacha kuwa mwongo?

Jibu lilinijia nikiwa Kariakoo nimesimama kwenye foleni ya kreti za soda. Mechi za kiwango nilizowahi kuona kwa macho yangu, zile ambazo watu wanatupa miili chini, hazikuwa fainali. Zilikuwa mechi za soda. Mtanzania unaweza kumwekea kombe akacheza kwa hesabu, lakini mwekee Fanta moja mbele ya mashemeji zake uone.

Kuanzia shindano la tatu nikatangaza kwamba Ijumaa jioni, kabla ya mashindano, kuna michezo ya kuzunguka: bure, unabadilishana mwenzi kila raundi, kila mtu anajikusanyia pointi zake, mshindi anakunywa soda na meza ya waandaaji inalipa. Makundi ya Jumamosi sikuyapanga. Nilisema printa imeharibika. Nikakaa pembeni na daftari la shule na kalamu, najifanya naandika nani kaagiza nini.

Yule bwana wa goti alikuja, bandeji mpya, nyeupe. Raundi ya kwanza alijizuia. Ya pili kuna kijana akamtania, "mzee, soda yako naiona mkononi mwangu." Nakwambia, mpira wa tatu baada ya maneno hayo yule bwana alipanda hewani, akaushindilia, ukadunda chini, ukapaa juu ya ukuta wa nyuma na kutokomea kwa majirani. Ukuta ule na wavu wake ni mita nne! Akatua kwa mguu ule ule wa bandeji. Kukawa kimya, halafu watu wote kwa pamoja wakageuka kuangalia goti. Mimi nikaandika kwenye daftari: Daraja A. Asubuhi printa ikapona.

Tangu hapo sijawahi kujaza fomu ya mtu. Kama unapanga mashindano ya mchezo wowote mchanga, nunua kreti.

Arusha ilinifundisha jingine. Mji uko karibu mita 1400 juu ya usawa wa bahari, na mipira mipya tuliyotoka nayo Dar ilikuwa inaruka kama panzi. Sheria zinataka mpira ukiangushwa kutoka mita 2.54 udunde kati ya sentimita 135 na 145. Nilichora mistari kwa mkaa kwenye fremu ya mlango wa stoo, na mpira ukaupita mstari wa juu bila aibu. Kwa sehemu zilizo juu ya mita 500 inaruhusiwa mipira yenye mdundo mdogo zaidi, lakini nenda kaitafute Jumamosi asubuhi. Nilichofanya: nikafungua begi la mipira ya mazoezi iliyokuwa imeshachezewa wiki nzima Dar, nikaipima mmoja mmoja mlangoni, iliyoangukia ndani ya mistari ikaingia mashindanoni. Watu wa Dar wakalalamika nimewaletea mitumba. Nikawapa mipya wajaribu gemu mbili. Walirudisha wenyewe.

Zanzibar shida ilikuwa kinyume chake. Ikifika saa mbili usiku vioo vinatokwa jasho, mpira ukigonga unateleza chini badala ya kurudi. Yale mashuka ya hoteli yakapata kazi: vijana wanne, kila mabadiliko ya upande wanafuta. Ratiba usiiweke masika, usiiweke Ramadhani, na uulize boti ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi kabla hujapanga fainali. Hili la boti sitalieleza zaidi, inatosha kusema watu tisa walilala kwa gharama yangu.

Pointi ndizo zilizofunga kamba. Mchezo ni wa wawili, lakini hata kwenye orodha ya shirikisho la kimataifa, FIP, kila mchezaji ana pointi zake mwenyewe, na jozi hupangwa juu au chini kwa jumla ya pointi za wote wawili. Nikaiga hivyo hivyo: bingwa 100, wa pili 70, nusu fainali 50, robo 30, na aliyefika tu na kucheza anapata 10. Vituo vinne kwa mwaka, vinahesabiwa vitatu bora, ili aliyekosa boti asikose mwaka. Na tuliita "mzunguko", hatukuita ubingwa wa taifa. Neno hilo lina wenyewe, na chama kinachotaka kulibeba kianzie kwa Msajili wa Vyama vya Michezo.

Viingilio vilikuwa kama elfu hamsini hivi kwa kichwa. Vijana wanaofagia viwanja na kuokota mipira nikawasamehe, wakanuniwa na baadhi ya waliolipa. Wawili kati yao wakachukua Daraja B Zanzibar, wamevaa raba za kuazima zenye ukubwa tofauti. Kununa kukaisha, sasa watu wanagombania kucheza nao jozi. Na wale akina mama? Nilikwenda kuwaomba radhi nyumbani kwao na keki. Wamerudi na wenzao wanane, wana kundi lao ambapo kila jozi inakutana na kila jozi, na ndio pekee wanaofika kwa wakati.

Juzi, saa tano usiku, nimeshazima taa, simu ikaita. Bwana wa goti. Siku hizi yuko A, mkiani kabisa, na ana uchungu na jedwali kama mtu aliyedhulumiwa kiwanja cha urithi. Anadai pointi zake 10 za Arusha hazijaingia. Nikawasha taa, nikafungua daftari. Jumamosi ile hakucheza, gari lake lilimharibikia njiani kutoka hotelini. Alicheza Ijumaa tu.

Nikamwambia Ijumaa hailipwi pointi, inalipwa soda. Akakata simu. Baada ya dakika kumi ukaingia ujumbe: "Hata soda yenyewe sikupewa."