Wenzangu wa chumba cha habari, Strasbourg
Kwa furaha ninawatambulisha kwenu vijana wenzangu watano, ambao kwa wiki nzima tumeandika pamoja habari za Bunge la Ulaya, kila mmoja akiwa na lugha yake katika Umoja wa Ulaya wenye lugha rasmi 24. Mhariri wetu, binti wa Kireno mwenye miaka 22, husoma kila sentensi kwa sauti ya chini huku kidole kikifuata mstari, wala haruhusu jina lolote lipite kabla ya kulihakiki mara mbili. Mpiga picha ni Mpolandi, mkimya mno. Mfasiri wa Kifaransa alikesha nami tukitafuta neno moja tu, katika mji uleule ambamo wanafunzi wa Erasmus, mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, walianzisha Cafébabel mwaka 2001, jarida la lugha nyingi ninalolienzi sana.