Siku Yangu Moja na Kobla ya Pichesi, Kikwajuni, Unguja

Saa 11 na nusu alfajiri, baada ya sala, ninawasha taa ya jikoni na kufunua magazeti yaliyolala juu ya mapichesi. Leo nina trei tatu za kuoka: mbili ni za nyumba ya wageni iliyoko Shangani, ambayo huandaa chai ya alasiri, na moja ni ya familia ya Mbweni inayopokea ndugu kutoka safari. Kobla, kwa wasioifahamu, ni tunda lililopikwa kwa sukari likatandazwa chini ya trei, na juu yake yakawekwa mabonge ya unga uliochanganywa na siagi na maziwa, kisha vyote vikaokwa pamoja. Si keki, wala si pai, na kazi yake yote imo katika kuyatawala maji ya tunda. Anayeshindwa na maji hayo atatoa uji wenye unga mbichi juu yake, hata kama vipimo vyake vingine vyote ni sahihi.

Ninayachambua mapichesi moja moja kwa mkono. Wekundu wa shavu haunisaidii, kwa sababu unatokana na jua lililolipiga tunda likiwa mtini. Ninachokiangalia ni rangi ya chini, karibu na kikonyo, ambayo inapaswa kuwa imeacha ukijani na kuingia manjano. Kisha ninalinusa. Lisilo na harufu mahali pale halitapata harufu ndani ya oveni. Yaliyolainika ninayaweka upande mmoja kwa kazi ya leo, na yaliyo magumu yanarudi chini ya magazeti kwa siku moja au mbili zaidi.

Mapichesi haya hayakuota Unguja wala hayawezi kuota hapa. Mti wa pichesi unahitaji majira ya baridi ya kutosha ili macho yake yaamke na kuchanua, na kipupwe chetu, hata siku ambazo wazee hujifunika kanga mbili, hakifiki kiwango hicho. Wakati huu wa kaskazi, yaani majira yetu ya joto, ninapata yale ya nyanda za juu za bara, hasa ya Lushoto katika milima ya Usambara, yanayoshushwa kwa gari hadi Dar es Salaam na kuvushwa kwa boti mpaka Malindi. Msimu wake ni mfupi. Ukipita, hubaki ya makopo, ambayo mengi hutoka Afrika ya Kusini, na hayo yana taratibu zake ambazo nitazigusa baadaye.

Saa 2 asubuhi ninatembea hadi Darajani kununua maziwa ya mtindi na ndimu. Muuza ndimu wangu ni mzee ambaye hawezi kunipa bidhaa kabla ya kunihoji.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwanangu. Nasikia bado unahangaika na hayo matunda ya baridi. Maembe yamejaa hapa mpaka yanaoza, wewe unasubiri boti!”

“Wageni wameagiza hayo, babu. Siku wakiagiza maembe nitakuja kwako kwanza.”

“Basi chukua hizi, zina maji. Zile za juu ni za kupambia kapu tu.”

Hoja yake si ya kupuuzwa. Nimekwisha kuoka kobla ya maembe, na embe boribo lisiloiva kupita kiasi linafaa sana kwa kazi hii, ila ukali wake ni mdogo kuliko wa pichesi, kwa hiyo huhitaji ndimu zaidi na sukari pungufu. Hata hivyo sikubaliani na wanaouza kobla ya maembe kwa jina la pichesi, wakidhani kwamba mlaji hatagundua. Embe lina nyuzi na lina harufu ya utomvu wake. Pichesi lina ukali ulio karibu na kokwa ambao embe halinao.

Saa 4 kazi yenyewe inaanza. Sufuria kubwa ya maji inachemka, na pembeni yake pana beseni la maji ya barafu. Ninayachanja mapichesi alama ya msalaba kwenye kitako, ninayatia katika maji ya moto kwa nusu dakika au zaidi kidogo, kisha ninayahamishia katika barafu ili yasiendelee kuiva. Ganda linavuka lenyewe kwa kidole. Kisu hupoteza nyama ya tunda, na ile iliyo chini tu ya ganda ndiyo yenye rangi nzuri kuliko zote. Kukata ni jambo jingine: yapo mapichesi ambayo kokwa lake huachia mara unapolizungusha, na yapo ambayo nyama imeng'ang'ania kokwa, na hayo ya pili hayana njia ila kuchongwa vipande kulizunguka. Shehena ya leo ni mchanganyiko, na kwa hiyo saa nzima inapita hapo.

Kwa kila trei ya sentimita 33 kwa 23 ninatumia kilo 2 za vipande, sukari gramu 150, chumvi kidogo sana na vijiko 2 vya maji ya ndimu, ambavyo kimoja kinaingia sasa ili vipande visibadilike rangi na kingine kinasubiri. Ninachanganya na kuacha. Sukari huyavuta maji kutoka ndani ya tunda, na baada ya muda wa saa moja vipande vinakuwa vinaelea. Wapishi wengi hutia kila kitu katika trei kwa wakati mmoja na kukipeleka motoni, maji hayo yakatoka ndani ya oveni, chini ya unga, mahali ambapo hawawezi kuyafanya lolote. Mimi nataka yatoke mbele ya macho yangu.

Saa 6 ninayachuja katika sufuria na kuyachemsha peke yake mpaka yabaki nusu. Hapo harufu ya pichesi inajaa nyumba yote, na jirani wa ghorofa ya juu huanza kuulizia kupitia dirishani. Ninakoroga vijiko 2 vya kornflawa katika maji baridi, ninavimimina katika sharubati hiyo inayochemka, ninakoroga bila kusita mpaka weupe wake unatoweka na sharubati inakuwa angavu, kisha ninaondoa motoni ndipo ninatia kile kijiko cha ndimu kilichosubiri. Ndimu ikichemshwa kwa muda mrefu pamoja na kornflawa, ukali wake huuvunja uzito, na sharubati iliyoshikana hurudi kuwa maji.

Binti wa dada yangu, ambaye ananisaidia siku asizokuwa na masomo, ameshika kopo la iliki.

“Mama mdogo, nitie kiasi gani?”

“Usitie hata punje moja.”

“Kitamu gani hiki cha Unguja kisicho na iliki?”

Ninamweleza kwamba iliki hutawala. Ndani ya maandazi na kaimati haina mshindani, kwa sababu unga na sukari havina harufu ya kugombania, lakini pichesi lina harufu nyepesi ambayo iliki huifunika yote. Ninachomruhusu ni mdalasini kiasi cha ncha ya kisu na kungumanga iliyokwaruzwa papo hapo, vitu viwili ambavyo hata watu wa majimbo ya kusini ya Marekani huvitia katika kobla yao. Kungumanga yangu ni ya shamba, kutoka upande wa Kizimbani, bado imo ndani ya gamba lake. Kwa jambo hili tumewazidi wao: wanaponunua kungumanga iliyosagwa kiwandani, harufu nyingi imekwisha kupotea.

Sala ya adhuhuri, wali kwa mchuzi wa changu, na tunarudi jikoni kabla ya saa 8.

Unga ndio unaonipa mashaka wakati wa kaskazi. Siagi inapaswa kubaki baridi na katika vipande vidogo mpaka iingie ndani ya oveni, kwani hapo ndipo inapoyeyuka ghafla, maji yake yakawa mvuke, na mvuke huo ukauinua unga na kuuacha na matabaka. Jikoni mwangu saa hizi siagi iliyoachwa mezani hulainika kabla hujamaliza kupima unga. Dawa niliyoizoea ni kuigandisha usiku kucha na kuikwaruza ikiwa imeganda, moja kwa moja juu ya unga, kwa kikwaruzio kilichotoka nacho barafuni. Kwa trei moja ninaweka unga wa ngano gramu 300, sukari gramu 60, bekin pauda vijiko vidogo 3, magadi ya kuokea robo ya kijiko kidogo, chumvi nusu ya kijiko kidogo, siagi gramu 120, na mtindi baridi mililita 200. Mtindi haukuchaguliwa kwa ladha tu, maana ukali wake ndio unaoyaamsha yale magadi. Ninachanganya kwa uma mpaka usionekane unga mkavu, kisha ninaacha. Anayeukanda kama wa chapati atapata kitu cha kutafuna.

Wakati huohuo matunda, yakiwa yamerudishiwa sharubati yake, yako ndani ya oveni bila unga kwa dakika 10. Hili ndilo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza: unga uwekwe juu ya tunda linalofuka moshi. Ukiwekwa juu ya tunda baridi, upande wa juu hukauka na kuwa kahawia huku upande wa chini ukibaki ubichi unaonata, na hakuna muda wa ziada wa motoni utakaouponya bila kuunguza juu. Ninadondosha mabonge kwa kijiko, ninaacha nafasi kati yake ili mvuke utoke, ninapaka mtindi kidogo na kunyunyiza sukari.

Oveni yangu ni ya gesi, na sababu si bei. Sisi tuliokuwapo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, wakati waya wa baharini unaoleta umeme kutoka bara ulipokuwa umeharibika, hatukuweza tena kuiwekea riziki yetu dhamana ya umeme peke yake. Lakini hata gesi si lazima kwa chakula hiki. Walowezi wa Kiingereza huko Marekani, ambao hawakuwa na oveni wala vifaa vya kupikia pudini za kwao, waliioka katika vyungu vya chuma vizito, makaa yakiwa chini na mengine juu ya kifuniko. Mtu wa Unguja hahitaji kuelezwa utaratibu huo, kwa maana ndivyo mkate wa kumimina ulivyopikwa kwa bibi zetu: mchele uliosagwa kwa tui na hamira, sufuria juu ya moto mdogo, na sehemu ya chini ikishashika, makaa yanapandishwa juu ya mfuniko. Nimeijaribu kobla kwa moto wa juu na chini, na ukoko wake ulikuwa mzuri kuliko wa oveni, ila haiwezekani kwa trei tatu na saa ya kupeleka.

Nyuzi 190, dakika 40 hadi 45. Rangi ya juu hudanganya, kwa hiyo ninalichoma bonge la katikati kwa kipimajoto na kungoja lifike nyuzi 93, tena ninaangalia kama sharubati ya katikati, si ya pembeni tu, inatoa mapovu mazito yanayopasuka polepole. Trei ikitoka hukaa nusu saa bila kuguswa, kwa sababu sharubati huendelea kushikana inapopoa. Mteja anayedai imwagwe ikichemka hupata supu.

Saa 10 alasiri bodaboda anafika, nami ninapanda nyuma nikiwa nimezipakata zile trei mbili za Shangani, maana sijamwamini bado mtu mwingine kuzibeba. Mpishi wa pale hugawa papo hapo, na aiskrimu ya vanila pembeni. Ninabaki mpaka sahani ya kwanza ikatwe, nione kama tunda linasimama au linakimbilia ukingoni. Leo limesimama.

Trei ya Mbweni inaondoka saa 12 jioni, nikiwa nimeiandikia maelekezo: wasiifunike kwa mfuniko usiopitisha hewa, waipashe moto ndani ya oveni kwa nyuzi 160 kwa dakika 15, wala wasitumie maikrowevu, ambayo huulainisha unga wote. Kobla si chakula cha kesho.

Baada ya isha ninafanya hesabu. Tunda peke yake limechukua karibu nusu ya gharama, na msimu wa Lushoto unapofikia mwisho bei hupanda kila boti inapotia nanga. Nimeamua kwamba mapichesi mabichi yakiisha nitawatangazia wateja waziwazi kuwa ninatumia ya makopo, nipunguze bei, nipunguze sukari iwe gramu 50 kwa trei kwa kuwa tunda hilo limekwisha kulala ndani ya sharubati, na nilichuje usiku mzima badala ya saa moja. Nyumba ya wageni imekubali. Mbweni wamesema watasubiri mabichi ya mwaka ujao.