Nilivyoiga mgongano wa 5 keV ndani ya aloi ya chuma na kromiamu

Nyutroni ya kinu cha nyuklia ikiigonga atomu ya chuma, atomu hiyo huruka na kuwatawanya jirani zake ndani ya pikosekunde chache. Kwenye LAMMPS, programu ya kuiga mwendo wa atomu, sihitaji nyutroni yenyewe: naipa atomu moja nishati ya 5 keV (elektrovolti 5,000), basi.

Sanduku langu lina seli 60 kila upande, fuwele ya bcc (atomu kwenye kona na katikati ya kila mchemraba), jumla atomu 432,000. Asilimia 9 nazigeuza kromiamu bila mpangilio, kisha naliacha litulie pikosekunde 20 kwa 300 K na shinikizo sifuri. Kwa ukubwa huo, 5 keV ikisambaa kote hupandisha joto kama 45 K tu. Sanduku dogo huchemka lote, na mgongano huvuka ukingo ukajigonga wenyewe.

Kabla ya kurusha, kagua faili la EAM, yaani faili la nguvu za kati ya atomu za metali. Mafaili mengi yametungwa kwa atomu zilizo kwenye umbali wa kawaida, takriban 2.5 Å (angstromu). Katika mgongano husogeleana hadi chini ya 1 Å, na hapo EAM tupu ni laini mno. Inabidi iunganishwe na ZBL, fomula ya msukumano wa atomu zilizokaribiana sana. Chora nishati ya atomu mbili kuanzia 0.5 Å hadi 3 Å. Ukiona kinundu pale zinapoungana, tupa faili hilo, hata kama unyumbufu wake ni sahihi kabisa.

Kwa 5 keV, atomu ya chuma hukimbia 1,314 Å kwa pikosekunde. Naielekeza <135> (mwelekeo ndani ya fuwele; kasi ni 222, 666 na 1,110 kwa x, y na z), maana ikifuata <100> au <111> huweza kuteleza kati ya safu za atomu bila kugonga sana. Hesabu hatua ya muda: kwa femtosekunde 1 ya kawaida ingeruka 1.3 Å, zaidi ya nusu ya njia kumfikia jirani. Nishati jumla hulipuka papo hapo. Tumia fix dt/reset, amri ya LAMMPS inayobadilisha hatua ya muda yenyewe, kikomo 0.01 Å kwa hatua. Mwanzoni hatua hushuka hadi femtosekunde 0.008 hivi.

Kidhibiti joto kikae kwenye ganda la nje tu, unene wa 5 Å. Ndani iwe nve, yaani bila kudhibiti joto. Ukikiweka kote, kinapoza kiini cha mgongano kwa nguvu isiyo ya kweli na idadi ya kasoro haiaminiki tena.

Baada ya pikosekunde 20 nahesabu nafasi tupu kwa Wigner-Seitz ya OVITO, programu inayolinganisha atomu na nafasi za fuwele kamili, yaani rejea. Rejea iwe na vipimo vya sanduku lililotulia: kwa mfano, ukiiga kwa 900 K, chuma hutanuka karibu asilimia 1, yaani 1.7 Å kwenye upande wa 171 Å, nazo kasoro bandia hujaa ukingoni.

Mrusho mmoja hautoshi. Piga wastani wa angalau kumi yenye mielekeo tofauti. Kanuni ya NRT, makadirio ya kawaida ya idadi ya kasoro, kwa kizingiti cha 40 eV cha kuing'oa atomu mahali pake, inatoa jozi 50 za nafasi tupu na atomu iliyohama. Uigaji mzuri huacha theluthi hivi, kwa sababu atomu nyingi zilizohama hurudi kwenye nafasi za fuwele. Nikiona zaidi ya 50, nakagua hatua ya muda kwanza, kisha rejea.